Picha Nne za Msingi

Mwandusu,
18 Agosti 2024

Kaka Adriano,

Shikamoo. Huku tupo, tunakula vumbi la Agosti asubuhi, mchana na jioni, lakini tupo. Advera ameng'oka jino la mbele na amekataa katakata kulitupa, analilinda kwenye kiberiti. Baba yake yuko Choma tangu juzi na pamba yake, ameniagiza nikukumbushe kwamba shemeji mtu bado anadai ule mguu wa mbuzi uliomwahidi Krismasi. Mama presha yake vipi? Mwambie, kwa sauti yangu mimi na siyo hiyo yako ya upole, kwamba vidonge vya presha havinywewi siku ya kuumwa kichwa peke yake. Wifi Imakulata msalimie sana.

Najua unashangaa karatasi. Simu ninayo na vocha ninayo. Lakini tangu Mwalimu Gerson, mwalimu mkuu wetu, aunde lile kundi la simu la walimu na kamati ya shule, neno likiandikwa saa nne, saa sita limefika kwa watu ambao hata hawatujui. Juzi mwenzangu alilalamikia uhaba wa chaki, kesho yake akaitwa kujieleza. Kwa hiyo barua hii nampa Twalibu, jirani yako wa hapo Ng'ambo anayekuja na mitumba mnadani Choma kila wiki mbili. Ananiita mwalimu wa chekechea na kunipunguzia bei. Sidhani kama ataifungua.

Sasa jambo lenyewe. Darasa letu la awali wewe unalijua kwa makaratasi ya ofisini tu, ngoja nikuonyeshe. Fedha za serikali zilipoingia Aprili, watu hapa walicheka, wakasema zimekosea njia. Shule shikizi kama yetu, tawi tu la shule mama iliyo ng'ambo ya korongo, vyumba viwili vya miti na udongo, nani anaikumbuka? Mwisho wa Julai watoto sitini na mmoja wa miaka mitano walikuwa wamekaa kwenye mikeka mipya chini ya bati, na choo cha kimo chao ambacho mtoto hadumbukii. Fundi rangi ametuchorea herufi zote, na ukuta wa mashariki ametuwekea twiga mkubwa. Kuna mtoto alikaa wiki nzima anamwamkia shikamoo yule twiga.

Twiga amepasuka shingo. Mwanzoni ulikuwa mstari mwembamba, nikadhani ni rangi. Sasa watoto wanachomekea vijiti vya kuhesabia humo, na vijiti vinakaa. Nimewakataza, nikigeuka wanarudi.

Wewe ndiye mtaalamu wa majengo katika ukoo huu, na wewe ndiye uliyepitisha msingi ule mwezi wa Juni, hata kama hukupata nafasi ya kufika. Niambie tu kwamba ni kitu cha kawaida, nilale.

Mdogo wako,
Agnetha


Ng'ambo, Tabora,
9 Septemba 2024

Mwalimu Agnetha,

Marahaba. Barua yako Twalibu ameileta ikiwa imenukia nguo za mtumba, nikafikiri umenitumia koti. Mama anaendelea vizuri. Nilimsomea maneno yako ya vidonge, akasema wewe tangu mdogo ulikuwa na mdomo. Lakini alivinywa, nimemwona. Imakulata amepata cherehani ya pili na anashona sare za shule moja ya huku mjini, nyumba nzima ni vipande vya kaki. Mguu wa mbuzi shemeji ataupata, asinitangazie ubaya.

Kuhusu ufa, usitie hofu. Jengo jipya linakauka, ripu inajivuta, inapasuka juu juu. Nyumba yangu mwenyewe ina nyufa tatu na tumelala humo mwaka wa sita. Na udongo wenu wa mbuga una tabia yake: kiangazi unajikunja na kupasuka, masika unavimba, kwa hiyo jengo huwa linajiweka sawa.

Ili utulie, fanya hivi. Tafuta kipande cha kioo, hata cha dirisha lililovunjika, chembamba, urefu wa kidole. Kibandike kwa saruji kidogo kiunganishe pande mbili za ufa. Kioo hakijui kujikunja. Ukuta ukiwa umetulia, kitakaa. Ukuta ukitembea, kitakatika. Ndivyo tunavyofanya sisi. Utaona kitakaa.

Swali lako la msingi nimelisoma. Karatasi zake ziko sawa, saini zote zipo.

Mambo haya usimwambie mtu kwa sasa, hata Mwalimu Gerson. Watu wakisikia ufa wanasikia wizi, na hapa hakuna aliyeiba kitu.

Kaka yako,
Adriano


Mwandusu,
29 Septemba 2024

Kaka,

Shikamoo. Wote wazima. Mwambie wifi hongera ya cherehani. Baba Advera pamba ameuza, bei siyo aliyoitarajia, kwa hiyo tunaongea naye kwa uangalifu.

Kioo kilikatika siku ya nne.

Nikasema ni watoto. Nikabandika cha pili juu kabisa, karibu na masikio ya twiga, mahali ambapo mimi mwenyewe nilipanda juu ya meza kufika. Kilikatika siku ya sita. Nilikuwa nafundisha, tunaimba siku za wiki, nikasikia kitu kimelia tiki. Watoto waliendelea kuimba. Mimi nilirukia Ijumaa bila kupita Alhamisi, wakanicheka.

Naogopa, kaka. Nimeogopa mpaka nimefanya jambo la aibu. Siku iliyofuata nilimwacha Advera nyumbani kwa bibi yake. Nikasema ana homa. Wiki nzima nimesema ana homa, na kila asubuhi nikaenda kuwakalisha watoto wa wenzangu chini ya ukuta ule.

Aliyenigundua ni Ngollo. Ngollo ni mama mmoja wa hapa ambaye mtoto wake wa kwanza alichukuliwa na maji ya korongo Machi mwaka jana, wakati watoto wa awali walikuwa bado wanatembea kilomita sita kwenda shule mama, kwa ile njia ya zamani ya wapagazi. Mdogo wake yule marehemu yuko darasani kwangu sasa. Ngollo alileta mahindi ya uji, akatazama mikeka, akasema, "Mwalimu, wako yuko wapi?" Nikasema homa. Akasema, "Jana nimemwona anafukuza kuku." Aliweka mahindi chini akaenda zake. Kesho yake nikamrudisha Advera darasani.

Kuna jambo sikukuambia. Unajua fedha zikija, sisi wananchi sehemu yetu ni nguvu: mchanga, mawe, maji, na kuchimba msingi. Tuligawana kama tunavyogawana kila kitu, kila kitongoji upande wake. Vitongoji vitatu vilichimba kweli, mpaka wakaipata changarawe, mtu akisimama ndani unamwona kichwa tu. Kitongoji cha mashariki walikuwa kwenye mavuno ya mpunga. Walikuja siku mbili, wakakuta mbuga imekauka kama jiwe, sururu inaruka. Wakachimba mpaka magotini, wakasema udongo mgumu namna hii unabeba hata kanisa. Ilikuwa tarehe ishirini na mbili Juni. Fundi alikuwa anasubiri na zege. Mawe yakamwagwa, shimo likazibwa, kila upande ukaonekana sawa na mwenzake.

Ukuta wa twiga ndio wao.

Fanya kitu. Lakini naomba jina langu lisionekane popote.

Agnetha


Ng'ambo, Tabora,
27 Oktoba 2024

Agnetha,

Nimechelewa. Twalibu alikuja na barua yako mwanzoni mwa mwezi na mnada uliopita alipita kuniuliza kama nina jibu, nikamwambia bado. Mama alilazwa siku mbili, presha ilipanda, ametoka. Usije, hakuna haja. Bima yangu ya kazini ilifanya kazi yake, hatukulipa hata dawa.

Barua yako nimeichoma. Ya kwanza pia. Mambo kama hayo hayaandikwi, mdogo wangu. Ungesubiri nije.

Sikiliza. Zile fedha zilikuwa za mwaka wa fedha ule. Usiku wa tarehe thelathini Juni, kilichokuwa hakijatumika kilikuwa kinarudi Hazina, na kikirudi huwezi kukiita. Ofisi ilikuwa na shule kumi na tisa za kukagua, gari moja, na mafuta ya kufika tatu. Mkubwa wangu alisema picha zitatosha, tutakwenda baadaye. Baadaye hatukwenda. Sasa hivi nikisema darasa lifungwe, hakuna fungu la kujenga jingine. Kuna vyumba viwili mmeombewa, ili mwache kuwa shikizi na muandikishwe shule kamili, navyo vinategemea hicho cha kwanza kionekane kinatumika. Watoto watarudi shule mama, ng'ambo ya korongo, na masika ndiyo haya yanakuja. Na mimi kazi sina tena, na mama hana bima. Nimekupa yote, usidhani naficha.

Labda ukuta utakaa. Kuna majengo yana makosa mabaya kuliko hilo na yamezeeka.

Lakini kuna swali linanisumbua. Kama upande wa mashariki walichimba mpaka magotini, picha ya upande wa mashariki ilipigwa wapi? Kwenye faili langu ziko picha nne, kila moja imeandikwa upande wake, na zote zinaonyesha futi ya chuma imefika mita moja na nusu.

Jibu hili moja. Mengine acha.

Adriano


Mwandusu,
10 Novemba 2024

Kaka,

Shikamoo. Mama ndiye wa kwanza, mwambie nimemwombea misa.

Mvua ya kwanza imenyesha Jumatano. Mlango wa darasa uliokuwa unafungwa kwa kidole sasa unataka bega. Mbuga imeanza kuvimba, kama ulivyosema, ila upande mmoja unainuka na mwingine hauinuki. Ufa sasa ninapitisha vidole viwili na ninaona mwanga wa nje. Watoto wanaupenda ule mwanga, unawapigia mstari mkekani wakati wa asubuhi, wanagombania kuukalia.

Niliwatoa nje siku tatu, nikafundishia kwenye kivuli cha ghala la pamba. Mwalimu Gerson akaja. Siyo mtu mbaya, kaka, naye ana hofu zake. Akasema wageni wa ngazi za juu watapita kabla ya likizo kuona madarasa mapya ya awali, na wakikuta watoto nje na jengo la serikali tupu, nani atajibu? Nikamwambia njoo uone ufa. Akasema, "Nimeuona, mwalimu. Nimeuona kabla yako." Akaondoka ameinamisha kichwa. Mchana watoto wakarudi ndani.

Umeniuliza picha. Nimeandika jibu mara tatu na kuchana mara tatu, hii ni ya nne.

Picha nilipiga mimi. Mwalimu Gerson aliniomba kwa sababu simu yangu ina kamera nzuri. Nilikwenda upande wa mashariki nikaona magoti. Nikamfikiria mtoto wa Ngollo, jinsi tulivyompata siku ya tatu. Nikafikiria Juni inaisha. Nikarudi kwenye shimo la kitongoji chetu, lile refu, nikapiga picha nne humo humo, nikizunguka: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi. Nikaandika majina. Dakika tano hazikufika.

Nilijua ni wewe utakayeziona. Nilijitetea hivyo, kwamba Adriano ni mjanja, kama kuna ubaya Adriano atauona na atakataa. Nilikuachia wewe ukatae. Ukakubali, nikafurahi, nikasema basi hakuna ubaya.

Nimekudanganya, kaka, na saini ni yako.

Agnetha


Ng'ambo, Tabora,
24 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama ameamka vizuri leo, amekula ugali na mlenda, ameuliza habari zako mara mbili. Imakulata amenikasirikia, utaona kwa nini.

Hukunidanganya. Katika picha zote nne, pembeni, kuna ndoo ya bluu iliyokatika mdomo. Ndoo moja, mahali pamoja, kivuli kimoja. Mtoto wa darasa lako angeiona. Mimi niliiona nikiwa mezani kwangu, tarehe ishirini na nne Juni, saa tano asubuhi, nikavuta kiti karibu na dirisha nikaiangalia vizuri zaidi. Nilijua ni wewe uliyepiga, kwa sababu kwenye moja kidole gumba chako kimeziba kona, kama picha zako zote tangu ipaimara yangu.

Nikasaini.

Sikusaini kwa ajili ya mafuta ya gari, wala mkubwa wangu. Nilijisemea, kama Agnetha ameona inafaa, yeye yuko pale, anaona shimo kwa macho yake, yeye ndiye atakayekaa humo na watoto. Nilikuachia wewe. Na wewe ulikuwa umeniachia mimi. Nilipokuuliza juu ya picha nilikuwa najua jibu, nilitaka tu usikiri, ili na mimi nisilazimike.

Tangu mvua zianze silali. Kila ikinyesha hapa nahesabu kama imenyesha huko.

Ijumaa nimepeleka barua ofisini, nimebakiza nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Nimeandika kwamba msingi wa upande wa mashariki haukukaguliwa, kwamba mimi niliupitisha nikijua picha si sahihi, na kwamba jengo lisitumike. Picha nimesema zililetwa na shule. Jina lako halimo. Usiende kulitia.

Mkubwa wangu aliisoma akiwa amesimama. Akaniuliza, "Una watoto wangapi, Adriano?" Nikasema wawili. Akasema, "Kule kuna sitini na mmoja, eti?" Nikasema ndiyo. Akaipiga muhuri mwenyewe. Sikujua kama alikuwa ananilaumu au ananiunga mkono, mpaka sasa sijui.

Watakuja kufunga. Kabla hawajaja, usiwaingize. Gerson akisema chochote mwambie kuna barua. Nimempa Twalibu nauli asisubiri mnada, alete hii moja kwa moja.

Nina hofu, Agnetha. Ila sasa angalau naijua ni ya nini.

Adriano


Mwandusu,
2 Februari 2025

Kaka Adriano,

Shikamoo. Habari za kusimamishwa kazi nimezisikia kwa wifi kabla yako, aliniandikia mistari miwili tu, na ndani yake mimi sina salamu. Ana haki. Nimempa Twalibu debe mbili za mpunga na kuku wawili, ni za dawa za mama, muuze au mle, ila wifi asiambiwe zimetoka wapi maana atakataa. Advera jino limeota. Baba yake anasema mguu wa mbuzi amekusamehe.

Walikuja tarehe tano Desemba, kama ulivyosema. Wakapiga alama ya msalaba kwa rangi nyekundu ukutani, wakafunga kufuli, wakatuambia tumeingizwa kwenye makisio ya mwaka ujao wa fedha. Mwaka ujao wa fedha unaanza Julai. Mwenyekiti wa kijiji akauliza, na watoto hadi Julai? Wakasema shule mama ipo.

Shule zilipofunguliwa Januari nilikuwa na walioandikishwa sabini na wawili, wa mwaka jana ambao bado hawana chumba cha darasa la kwanza pamoja na wapya, wengine hata miaka mitano sidhani. Siku za kwanza walivuka korongo likiwa kavu, mimi nikitangulia asubuhi na kufunga mstari jioni. Tarehe kumi na tano maji yakashuka. Tuliwavusha mgongoni, akina mama saba na mimi, maji kiunoni. Mtoto mmoja aliniponyoka mkononi. Nilimshika sare, mshono wake haukuachia, Imakulata angejua ni wa nani. Kesho yake hakuna aliyekwenda, wala kesho kutwa.

Siku ya tatu nikasikia kelele shuleni. Wazazi kama thelathini, na Ngollo mbele ana mtaimbo. Nikakimbia nikasimama mlangoni. Akaniamkia, "Mwangaluka, mwalimu," kama siku yoyote, kisha akasema, "Toka mlangoni."

Nikamwambia, "Mama, ukuta huu utaanguka."

"Lini?"

"Sijui."

"Mimi korongo siku yake naijua, na saa yake naijua," akasema. "Wewe ya ukuta wako huijui. Toka, mwalimu, nisije nikakuumiza."

Nikawaambia wote. Niliyaeleza ya picha mbele yao, kaka, ulinikataza lakini nisingeweza kusimama pale kama mtakatifu. Nikasema shimo lilikuwa la magotini na mimi nikalipiga picha la kwetu. Nilifikiri watanipiga mawe. Mzee mmoja wa kitongoji cha mashariki akaangalia miguu yake. Ngollo akasema, "Tunajua. Tulikuwepo tukichimba. Nani hapa hakujua?" Akapitisha mtaimbo kwenye kufuli.

Kwa hiyo tumo ndani, maana kivuli cha ghala la pamba hakizuii mvua. Mwalimu Gerson kwenye taarifa yake anaandika kwamba watoto wa awali wanasomea nje. Akipita dirishani anatazama upande mwingine.

Nimefanya ninachoweza. Mlango tumeung'oa na bawaba zake, pamebaki wazi kabisa. Vijana walileta magogo mawili wakaegemeza ukuta kwa nje, najua utasema hayasaidii kitu. Mikeka yote nimeisogeza magharibi, karibu na kutokea. Kiti changu nimekiweka mashariki, mgongo wangu uko kwenye ufa. Nasikia upepo wake shingoni. Ukianza kusogea nitakuwa wa kwanza kujua. Advera yupo pamoja na wenzake, simfichi tena.

Na nimewafundisha jambo moja kabla ya herufi yoyote: mwalimu akisimama, wote nje, mbio, hata kama hajasema neno. Tunalifanyia mazoezi kila asubuhi. Wao ni mchezo, wanaupenda kuliko yote. Kwa sababu hiyo nafundisha nimekaa, kutwa nzima. Ubao naandika nimekaa. Nimezoea.

Juzi Ijumaa mvua ilikuwa inanyesha, tunahesabu hadi kumi. Chaki ikaniponyoka ikabingiria, nami nikasahau, nikainuka kuiokota. Sijageuka, darasa zima limeshatoka, sabini na wawili, wanacheka, wanasukumana kwenye tope, Advera katikati yao anapiga kelele kwamba yeye ndiye wa kwanza. Nilibaki peke yangu mle ndani. Wote walikuwa nje, kaka, hata mmoja hakubaki. Nikauangalia ukuta, nikauomba uanguke sasa hivi, dakika hii, mimi nikiwa ndani, sijali.

Haukuanguka. Nikasubiri mpaka nikaona wameanza kulowa, nikawaita warudi ndani.

Mdogo wako,
Agnetha